Mwisho wa Kiguu-na-Njia

Hadithi hii hakuna awezaye kuisimulia vizuri kuliko itakavyosimuliwa hapa, maana imeshikwa barabara kuanzia kichwani hadi mkiani. Tuseme ukweli, kilichoshikwa barabara ni mkia. Kichwa na kiwiliwili vilisikika kupitia ukutani, na ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali. Lakini asiyetaka chumvi na ajipikie mwenyewe.

Palikuwa na mwanamke aliyefua nguo katika hospitali kubwa, na kwa sababu hiyo kila mtu, tangu mganga mkuu hadi mlinzi wa getini, alimwita Dobi. Jina alilopewa na mamake lilibaki kwenye kitambulisho, limejilaza. Katika maisha yake yote, hilo jina ndilo kitu pekee kilichopata kupumzika.

Kazi yake ilikuwa kupokea mashuka kutoka wodini, kuyachambua kwa glavu, kuyashindilia kwenye mashine yenye tumbo kama la ng'ombe mwenye mimba, kuyatoa yakiwa mazito kama maiti, kisha kuyasukuma kwa toroli hadi kwa Mama Pasi, shoga yake, aliyeyapitisha kwenye roli la moto yakatoka yamenyooka. Mifukoni mwa magauni ya wagonjwa alikuta kila kitu: kalamu, vitana, na siku moja meno ya bandia yaliyokuwa bado yanacheka. Hayo hayakumchosha. Kilichomchosha ni kwamba mashuka alikuwa akiyajua kwa sura. Hili lina kiraka pembeni, lile limeungua alama ya pasi. Unalifua leo linatoka jeupe pe, unaliaga, na baada ya siku chache linarudi kwenye toroli linakutazama kama mtoto aliyefukuzwa shule.

"Shoga, hivi mashuka haya yana mwisho?" aliwahi kumuuliza Mama Pasi.

"Yanao," Mama Pasi akajibu bila kuinua macho. "Mwisho wake ni sisi."

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala Dobi, kingine zililala mashine za gemu. Zamani kilikuwa cha wanawe, ambao walikua wakaondoka, kila mmoja na godoro lake, wakamwachia misumari ukutani. Juu ya misumari hiyo Dobi akaweka mbao, na juu ya mbao akapanga mali yake: ile ya kijivu ya kuchomeka kaseti kwa juu, ile nyeusi yenye mlango wa kusukuma, ile ya kushika mkononi yenye kioo cha kijani kama maji ya dimbwi, padi zenye nyaya zilizofungwa vizuri kama nywele za mtoto wa shule, na kaseti zilizosimama kwa safu kama matofali ya kibanda. Katikati ilikaa televisheni yenye chogo, nzito, ya kubebwa na watu wawili wasiogombana. Vyote hivyo alivifunika kwa mashuka ya hospitali yaliyostaafishwa, yenye muhuri, hata mgeni akifungua mlango kwa mara ya kwanza alidhani ni wodi.

Mke wa kaka yake, yaani wifi yake, alifika siku moja kuangalia. Aliinua shuka kwa vidole viwili.

"Wifi, wenzako wakizeeka wanakusanya vikombe vya kabatini. Wewe unakusanya mizoga ya umeme."

"Vikombe vinavunjika, wifi yangu."

"Na hivi?"

"Hivi vimeshavunjika. Sina hofu tena."

Na kweli, vingi vilimfikia vikiwa hoi: adapta imeungua, plastiki imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku, mende amezaa ndani akapeleka hadi wajukuu. Dobi hakuwa fundi wa umeme, lakini uchafu alikuwa anaujua kama unavyomjua. Alifungua parafujo, akatoa matumbo akayaweka pembeni, kisha akalifua ganda kwa mswaki na sabuni ya unga kama anayefua kola ya shati. Manjano yakigoma kutoka, alikwenda kwa kaka yake.

Kaka yake alikuwa kinyozi, na kama vinyozi wengi alikuwa na ulimi mrefu kuliko wembe. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kipara kitupu, jambo lililowafanya wateja wamwamini, maana hakuwa na sababu ya kuwaonea wivu. Yeye ndiye aliyempa dada yake ile dawa nzito ya kufifisha rangi ya nywele. Dobi aliipaka ganda, akalifunga kwenye nailoni inayoonesha ndani, akalianika juani, akawa anatoka kuligeuza kila upande upate haki yake. Plastiki ikarudi ujanani. Mara moja tu alisinzia katikati ya kazi, amerudi zamu, na alipoamka ile mashine ilikuwa na mabaka kama pundamilia aliyenyeshewa. Hakuitupa. "Na mimi nina mabaka," alisema, akaiweka rafuni na wenzake.

Watu walidhani ni kichaa cha uzeeni, lakini chanzo chake kilikuwa utotoni, kwenye sebule ya jirani mmoja mwenye duka la viatu. Huyo ndiye mtu wa kwanza mtaani kwao kununua mashine ya gemu, na watoto wa mtaa mzima walijaa sakafuni pake kama viatu visivyouzika. Gemu ilikuwa moja tu. Boksi lake liliandikwa kwa herufi za kigeni ambazo hata mwalimu alizigeuza juu chini asijue zinaanzia wapi. Ilikuwa na mtu mdogo, mgongoni ana gunia, anakimbia juu ya mapaa, anaruka mashimo, anakimbizwa na mbwa, hakai, hanywi maji, hasemi na mtu. Watoto wakampa jina wenyewe: Kiguu-na-Njia.

Kila mtu alikuwa na zamu yake. Dobi, kabla hajaitwa Dobi, aliambiwa na kaka yake, "Zamu yako ni baada yangu." Na hiyo "baada yangu" haikufika. Soketi ya sebule ile ilikuwa imelegea, plagi ikiachwa inachomoka, kwa hiyo yule mdogo kuliko wote akapewa cheo cha kuishikilia. Na soketi ilikuwa nyuma ya televisheni. Basi kutwa nzima alichuchumaa nyuma ya chogo, mkono ukutani, akiziona nyuso za wenzake zinapiga kelele, asione hata nywele moja ya Kiguu-na-Njia.

"Kaka, amefanya nini?"

"Ameruka."

"Na sasa?"

"Mbwa kamng'ata suruali. Usitikise plagi! Nimebakiwa na roho moja!"

Kisha msichana akaugua surua, akalazwa chumbani wiki nzima. Siku moja kaka yake akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia kwamba amemaliza gemu. Yeye peke yake, mtaa mzima.

"Kuna nini mwishoni?"

Kaka akakohoa kidogo. "Mwishoni kuna nyumba. Kiguu-na-Njia anafika mlangoni, anatua gunia. Mlango unafunguliwa kwa ndani. Anavua viatu. Kuna kitanda, kimetandikwa. Analala. Halafu taa inafifia polepole, polepole, na muziki unashuka."

"Haamki?"

"Haamshwi na mtu."

Yule msichana akalala. Na tangu siku hiyo, kila alipochoka, na alichoka sana, maana maisha yalimpa zamu za kila aina isipokuwa ile aliyoahidiwa, alikumbuka kwamba mahali fulani duniani yupo mtu aliyefika, akavua viatu, asiamshwe. Alitaka kukiona kitanda hicho kwa macho yake. Mashine zote zile, kaseti zote zile, zilikuwa njia ya kukitafutia. Nyingine alizipenda njiani, kama mtu anavyozoeana na abiria wenzake.

Kaka naye hakuliacha jambo lile. Kule kinyozini, mteja mpya akikaa tu kitini, shuka likiwa bado linafungwa shingoni, alisimuliwa jinsi Kinyozi alivyomaliza gemu isiyomalizika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kinyozi ilikwenda tangu ana nywele mpaka hana, na ilikuwa na lami.

Basi siku moja Dobi alimwendea muuza skrepa, mtu aliyezunguka na mkokoteni akinunua vyuma na vyombo vilivyokufa. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, miguu imevimba, maneno yanamtoka moja moja.

"Kaka yangu, nitafutie Kiguu-na-Njia. Namtaka kwa udi na uvumba."

Muuza skrepa akamtazama kwa huruma. "Pole, dada. Ametoroka lini?"

"Ni zamani. Nilikuwa mdogo."

"Alikuoa mdogo?"

"Ana gunia mgongoni," Dobi akaendelea, macho yanajifunga. "Ukimwona usimtupe na vyuma. Niletee hata kama haongei. Nitamsafisha mwenyewe."

Muuza skrepa alikuwa mtu mwema, na mtu mwema mwenye mkokoteni ni hatari kuliko gazeti. Mtaa kwa mtaa alikwenda akiuliza kama kuna aliyemwona mwanamume mtoro mwenye gunia, bubu, mumewe Dobi wa hospitali. Hazikupita siku nyingi habari ikaketi kwenye kiti cha Kinyozi. Kinyozi akafunga duka mchana kweupe, akaja kwa dada yake akihema.

"Mdogo wangu, umekosa nini mpaka utangaze mtaani kwamba unatafuta mume? Tena bubu!"

Dobi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mume gani, kaka? Natafuta kaseti! Kiguu-na-Njia wetu. Yule uliyemmaliza."

Kinyozi aliyekuja mbio akatafuta pa kukaa. Akakaa kwenye kigoda. Akapapasa kipara chake kama anayetafuta unywele.

"Ya nini sasa?" akasema. "Nilishakuhadithia mwisho wake."

"Nataka kuuona."

"Mwisho ni mwisho tu. Mimi nimeuona kwa niaba ya ukoo mzima."

"Chakula ulichokula wewe hakijawahi kunishibisha mimi, kaka."

Kinyozi akasema hayo mambo ya kale yana vumbi, yana kansa, yana mionzi. Akaaga bila hata kunywa maji.

Lakini muuza skrepa, alipoeleweshwa, aliona aibu, na kwa aibu ile akatafuta kwa bidii. Akaipata ndani ya ndoo ya misumari, katika nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Kibandiko kilikuwa kimechanika nusu, lakini ile nusu iliyobaki ilikuwa na mguu mmoja uliokunjwa, na gunia.

"Mumeo huyu hapa," akamwambia Dobi. "Ameisha kidogo."

"Nani hajaisha?" Dobi akasema, akaipokea kwa mikono miwili.

Aliisafisha siku hiyo hiyo, kwa spiriti na pamba iliyosokotwa kwenye kijiti, akayasugua yale meno ya shaba ya kuchomekea mpaka yakang'aa. Kinyozi alikuwepo, hakuna aliyemwita.

"Hiyo siyo yenyewe," akasema. "Yetu ilikuwa nyekundu."

"Yetu ulikuwa unaiona wewe. Mimi nilikuwa naona chogo."

"Basi ipulize kwanza. Sisi tulikuwa tunapuliza."

"Mlikuwa mnaitemea mate, kaka. Ndiyo maana zote zimepata kutu."

Akaichomeka, akabonyeza. Kioo kikatoa mchele mchele, kikatulia, na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Dobi akamwona Kiguu-na-Njia kwa mbele. Alikuwa mdogo kuliko alivyomwazia. Suruali ya bluu, kichwa cha mraba, gunia kubwa kuliko mwenyewe. Anahema hata akiwa amesimama. Dobi akamtazama akasema polepole, "Kumbe na wewe mgongo unakuuma."

Kuanzia hapo, kila aliporudi zamu, alivua viatu, akatia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akacheza. Vidole vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa klorini, na kitufe cha kurukia kilikuwa kigumu. Alikufa paa la kwanza. Alikufa paa la kwanza tena. Alikufa kwa kupiga chafya. Alikufa usingizini, padi kifuani, akaamka akakuta mbwa wanacheza juu ya paa peke yao. Lakini mtu aliyefua mashuka yale yale maisha yake yote hana haraka. Taratibu akaanza kuwajua mbwa kwa sura. Huyu anaruka mapema, huyu anajifanya anaondoka kisha anageuka. Wakamtia adabu, naye akawatia adabu.

Gemu ile haikuweka kumbukumbu. Ukizima, unarudi mwanzo kama hukuwahi kuzaliwa. Kwa hiyo siku alipofika mbali kuliko kawaida na zamu ya mchana inamwita, aliisimamisha pale pale, Kiguu-na-Njia mguu mmoja hewani, akaiacha mashine inawaka, akaielekezea feni, akaenda kazini. Akamwachia kaka yake ufunguo, maana alikuwa analeta dawa ya kufifisha rangi.

Kutwa nzima Dobi alifua na akili iko nyumbani, kwenye ule mguu. Aliporudi, televisheni ilikuwa nyeusi. Kinyozi yuko kwenye kigoda, kakunja mikono.

"Umeme ulikatika saa nane, mdogo wangu. Wee, ulikatika vibaya."

"Kila mahali?"

"Kila mahali. Mtaa mzima giza."

"Saa nane mchana?"

Dobi akageuza macho kwenye soketi. Mashine ya kunyolea ya kaka yake ilikuwa imechomekwa pale pale, inachaji, kitaa chake chekundu kinamkonyeza. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hasira ilimshinda kuibeba. Akasema moyoni: kaka amezeeka, alichomoa bila kufikiri, sasa anaona haya. Akamtengea chakula. Kinyozi akala ameinamisha kichwa, na hilo halikuwa kawaida yake. Kwa kawaida alikula akiongea na punje zikasafiri.

Mwezi uliofuata Dobi akapewa likizo. Mama Pasi akamwambia, "Shoga, nenda kalale. Lala mpaka kitanda kikukatae."

"Kuna mtu lazima nimlaze kwanza," Dobi akajibu.

Mama Pasi, ambaye bado alikuwa na ile habari ya mume mtoro, akamkonyeza.

Dobi akafunga mlango kwa ndani. Alianza asubuhi, kabla ya jua kupanda juu ya kamba za kuanikia. Mapaa ya kwanza aliyapita kama anayekunja foronya. Mbwa wakamjia, akawapisha. Kukaja mvua kwenye kioo, kukaja upepo, kukaja mabomba ya moshi yanayofunguka na kujifunga. Alipoteza roho moja, akapoteza ya pili. Mchana ulipogeuka, amebakiwa na ya mwisho, akafika mahali ambapo hakuwahi kufika. Hapakuwa na paa tena. Palikuwa na ukuta mrefu, na katika ukuta lango, na mbele ya lango mbwa mmoja mkubwa kama nyumba.

Dobi akamsoma. Mbwa yule alikuwa anahema kabla ya kuruka. Kila mtu mchovu anahema kabla ya kuruka. Hilo Dobi hakuhitaji kufundishwa. Akamngoja aheme, akampita chini ya tumbo.

Lango likafunguka.

Dobi akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kiguu-na-Njia akaingia langoni. Kioo kikawa cheusi. Muziki ukanyamaza. Dobi akabana pumzi, akisubiri mlango, viatu, kitanda.

Ukaanza muziki ule ule wa mwanzo. Paa la kwanza. Mbwa wa kwanza, yule anayeruka mapema, sasa anaruka mapema zaidi. Na Kiguu-na-Njia kasimama pale pale alipoanzia, anahema, na gunia lake limeongezeka.

Dobi akangoja, labda ni utani. Akacheza kidogo, akaona shimo lile lile. Hapo akaelewa. Hakukuwa na nyumba. Waliomtengeneza mtu yule walimpa mapaa, wakampa mbwa, wakampa gunia, wakasahau kumpa kwao. Shuka limetoka jeupe, shuka limerudi. Akaiweka padi chini, hakulia, maana kulia nako ni kazi. Akamwacha Kiguu-na-Njia asimame. Mbwa akaja akamng'ata, na ikawa basi.

Alikaa hivyo mpaka maji ya beseni yakapoa. Kisha kitu kikaanza kumchemka taratibu, kama mashine inapoanza kujaza maji. Kaka! Kaka na viatu vyake! Kaka na taa yake inayofifia! Miaka yote hii! Akavaa kandambili, akatoka bila hata kujifunga kitambaa vizuri.

Njia nzima alipanga maneno. Ataingia, hatasalimia. Atamwambia mbele za watu: mwongo mkubwa, mnyoa watu kwa maneno. Alikuwa ameshapata na tusi la kumalizia, tusi zuri, la wakubwa, ambalo hapa haliwezi kuandikwa kwa kuwa karatasi ina aibu.

Kinyozini walikuwepo mteja kitini, mzee mmoja benchini akingoja, na wifi yake akifagia nywele. Kinyozi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameuegemeza kwenye upau wa kiti ili upumzike. Kifundo kilikuwa kimevimba kama cha Dobi mwenyewe. Alipomwona dada yake mlangoni na uso ule, mashine ikamteleza kuelekea sikioni, na mteja akasema, "Eh, taratibu, hilo sikio nalipenda."

Wifi akasimamisha ufagio. "Afadhali umekuja, wifi. Huyu bwana siku hizi halali. Nasikia umepata ile gemu yake. Umeimaliza?"

"Nimeimaliza. Leo."

Mzee wa benchini akakaa sawa. Mteja akageuza shingo na shuka lake. Hadithi ile walikuwa wameisikia kila waliponyolewa, nao walikuwa na haki ya kujua.

"Haya," wifi akasema, na macho yake yaling'aa kama ya paka aliyesikia panya. "Tuambie mbele yake. Nimeishi na kitanda hicho na taa hiyo tangu niolewe. Mwishoni kuna nini?"

Kinyozi alimtazama dada yake, si kwa kuomba, bali kama mtu aliyekimbia mapaa mengi, ameona lango limefungwa, na roho amebakiwa nayo moja. Alikuwa ameshakunja mabega, tayari kupokea.

Dobi akafungua mdomo. Tusi lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi.

"Kuna nyumba," akasema. "Kama alivyosema."

Wifi akaduwaa. "Kweli?"

"Haki ya nani. Anatua gunia. Mlango unafunguliwa kwa ndani. Anavua viatu, analala. Taa inafifia." Na alipokuwa akisema akaona kumbe hachoki kuyasema, akaongeza, "Shuka lilikuwa jeupe, limenyooshwa vizuri. Nilivutiwa."

"Mume wangu nilikuwa namwonea bure," wifi akanung'unika, akarudi kwenye nywele zake. Mzee wa benchini akapiga goti kwa kofi: "Si nilisema!" Hakuwahi kusema. Mteja akanyolewa, akapanguswa, akaondoka. Mzee akakumbuka alikuwa na safari, akaondoka naye, apeleke habari zikiwa za moto. Wifi akatoka nje kumwaga taka.

Wakabaki wawili. Dobi akajitupa kwenye kiti cha kunyolea, akafumba macho. Kinyozi akawa anakunja shuka la wateja, analikunjua, analikunja tena.

"Alivua viatu," akasema bila kumtazama.

"Alivua."

"Vyote viwili?"

"Vyote, kaka."

"Akalala."

"Fofofo."

Kinyozi akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. "Na yule paka? Yule wa mlangoni, aliyekuja kumlalia miguuni. Ulimwona?"

Dobi akafungua jicho moja. Amefika mbali, hakuona sababu ya kugomea paka. "Nilimwona. Wa madoadoa. Mnene."

Kitambaa kikasimama kwenye kioo. Kinyozi akageuka, na uso wake, uliokuwa umekunjamana mwezi mzima, ukaanza kukunjuka.

"Mwongo wewe!" akasema kwa mnong'ono, kidole juu. "Nimekukamata! Hakuna paka. Paka nimemtunga sasa hivi, hapa nilipo!"

Dobi akafungua na jicho la pili. Akamtazama kaka yake kupitia kioo, taratibu, bila kuinua kichwa kutoka kitini.

"Aha," akasema. "Na viatu ulivitunga lini?"

Kinyozi akashusha kidole. Akatazama mlangoni, akatazama dari. Kisha akaiwasha mashine ya kunyolea, akaanza kunyoa hewa.